Maganda ya Tikiti kwa Mzazi

Mjukuu wangu Rozalia aligeukia ukuta siku aliyotoka hospitali, na wiki ya pili ilipoingia alikuwa bado ameugeukia. Si kwamba alikuwa na ugonjwa. Alijifungua kwa shida, damu ilimtoka nyingi, lakini homa iliisha na rangi ikaanza kumrudia. Nesi wa kliniki alimpima kila mahali akasema mwili uko sawa. Kisha akampima mtoto, akaangalia mizani, akaiangalia tena. Akanivuta pembeni.

"Bibi, huyu mama asipokula, maziwa yatakatika. Mtoto ameanza kupungua. Mpe chochote anachokitaka. Chochote."

Alinishika mkono aliposema hivyo, na ingawa foleni ilifika mpaka nje, hakuniharakisha. Mungu ambariki. Lakini neno lake lilinipa kazi, kwa sababu Rozalia hakutaka chochote.

Chakula hakikukosekana. Sijawahi kuona nyumba yenye chakula kingi namna ile na mtu mwenye njaa namna ile. Akina mama wa jumuiya walileta mtori. Mke wa mwenye nyumba alileta supu ya kongoro, mafuta yanaelea juu kama macho. Mwanangu Kalisti alituma kutoka Kasansa mchele mpya, ule unaonukia kabla haujaiva, na kuku waliofungwa miguu wakaja wamepanda basi kama abiria. Maiko, mume wa Rozalia, ni dereva wa bodaboda, na kila alipopita upande wetu wa Makanyagio alisimamisha pikipiki mlangoni akaacha mfuko. Leo maandazi, kesho mishikaki. Rozalia alimshukuru kila mtu vizuri. Alionja kwa ncha ya kijiko, akarudisha bakuli, akageukia ukuta wake. Mimi nikala mtori mpaka nguo zikaanza kunibana.

Rozalia nimemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki. Namjua. Alipokuwa mdogo akikasirika alikula mara mbili. Kwa hiyo ukimya huu wa tumbo ulinitisha kuliko homa. Mtoto naye alikuwa ananyonya kidogo, anaachia, analia kilio chembamba, analala kwa kuchoka.

Mchana mmoja nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamshika mguu chini ya shuka.

"Rozi, mama, hebu niambie. Ungepewa kitu kimoja tu cha kula duniani, ungechukua nini?"

"Utanicheka, Bibi."

"Nikucheke kwa meno yapi?"

Alitabasamu, lakini kwa ukuta, si kwangu. "Maganda," alisema.

"Maganda gani?"

"Ya tikiti maji. Mboga ya maganda ya tikiti, kama alivyokuwa anapika Ba."

Ba nilimjua kwa kusimuliwa. Kabla ya kuolewa, Rozalia alipanda treni akaenda Tabora kufanya kazi za ndani kwa mjane mmoja wa Kihindi, mama mtu mzima ambaye watoto wake walishatawanyika. Kila mtu alimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao. Ba hakula nyama na hakutupa kitu. Tikiti likiliwa leo, ile nyeupe iliyobaki kwenye ganda kesho inarudi mezani ni mboga, ya njano, ina pilipili na viungo vya kunukia mpaka barabarani. Rozalia aliponisimulia zamani nilidhani mama huyo ni bahili tu. Sasa nilimsikiliza kwa masikio mengine.

"Anaipikaje?"

"Kueleza siwezi, Bibi. Mkono ndio unajua. Nipelekeni jikoni niipike."

"Jikoni! Na arobaini yako haijafika?"

Alijua. Kwetu mzazi hasogei jikoni mpaka arobaini yake iishe. Hashiki mwiko, hachochei moto, haingii kwenye moshi. Vijana siku hizi wanaona ni kufungwa. Mimi niliishika kwa watoto wangu wote, na nilipokuwa nalima mpunga jua mpaka jua, siku zile ndizo pekee ambazo mtu mwingine alinipikia. Sikutaka kumnyang'anya Rozalia kitu hicho. Nikamwambia, "Lala. Bibi yako ataipika."

Nilisema kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachokisema.

Karibu na stesheni kuna kijana Msukuma, Ndaki, anauza matikiti ya vipande. Watu wanakula wamesimama, maganda wanatupa kwenye ndoo yake. Nilimwendea asubuhi.

"Ndaki, baba, naomba uniwekee maganda. Yale mazuri, yasiyong'atwa."

"Maganda tu, mayu? Hayo mbona mengi. Pita jioni," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Niliporudi jioni alinikabidhi ndoo imejaa, anacheka kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Ndani maganda yalikuwa yamekatwakatwa vizuri, yamechanganywa na pumba za mahindi na chumvi ya mawe.

"Nimekukatia kabisa wasije wakakabwa," alisema. "Na chumvi nimetia. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe, Ndaki."

"Aa, ni mbuzi?"

"Sina mbuzi."

Akasogea, akapunguza sauti kwa heshima. "Basi ni nguruwe, mayu. Si aibu."

"Ni ya mjukuu wangu. Anataka kuyala."

Mteja aliyekuwa anakula tikiti pembeni aliacha kutafuna. Ndaki aliniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala.

"Mayu," alisema polepole, "hali nyumbani imefikia hapo?"

Nikajaribu kumweleza habari za Ba na Tabora na viungo, lakini kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kunihurumia. Alichagua tikiti zima, kubwa, akalipangusa kwa shati lake, akaniwekea kwenye kikapu. "Mpe nyekundu ale, mayu. Mtu hapewi maganda." Mama wa nyanya aliyekaa jirani naye alikuwa amesikia yote. Akanitilia nyanya. Mwenzake akaongeza dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Nilikataa, nikasukumwa. Nilikwenda sokoni kutafuta takataka, nikarudi nyumbani nimebeba sadaka.

Hata hivyo nilikuwa na ganda. Maiko na madereva wenzake wa kijiweni waliimaliza ile nyekundu kabla sijatafuta kisu, na mimi nikakaa kwenye kigoda nikaanza kazi. Nilimenya lile gamba gumu la kijani, nikabaki na nyeupe, ngumu kama tango kubwa. Nusu nikaifunika kwenye beseni la maji kwa ajili ya kesho yake, nusu nikaikata vipande. Nikaitia kwenye sufuria na maji, kitunguu, nyanya za yule mama, binzari ya manjano na pilipili kichaa mbili. Ndivyo ninavyopika mboga. Ndivyo mama yangu alivyopika. Ilipoanza kulainika nikatoka kuchota maji bombani.

Sasa hapa nimtaje Emelyne. Ni jirani yangu na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu, mwanamke mrefu aliyekulia Katumba, anayetembea kama amechelewa kila mahali. Tangu Rozalia atoke hospitali, Emelyne alikuja kila siku kumwogesha kwa maji ya moto na kumkanda tumbo, na hakuna aliyemwomba. Siku hiyo alifika nikiwa bombani. Akaonja sufuria yangu, akaona haina kitu, akanihurumia. Nilipoweka ndoo chini, mboga ilikuwa imeshatiwa karanga za kutwanga, imekuwa nzito na nyeupe, na zile pilipili mbili zimelala juu ya kifuniko.

"Nimekuokoa, Mama Kalisti," alisema. "Pilipili inapita kwenye titi. Unataka imuunguze mtoto?"

"Lakini Emelyne, ndivyo alivyotaka."

"Mzazi anataka vingi."

Nikaipeleka. Rozalia aliinuka kwa kiwiko, na nikaona macho yake yanalifuata bakuli, jambo ambalo hayakulifanya kwa siku nyingi. Akaonja. Nikaona yale macho yanazimika.

"Bibi, hii si yenyewe."

"Ni ya nani, basi?"

"Hii ni ya kwetu. Ni boga limebadilisha jina." Akanirudishia bakuli taratibu, kama mtu anayemrudisha mtoto wa jirani. Alipokwisha kugeuka akasema, "Ba alikuwa anatia mvuje."

"Mvuje? Ule wa kuwafunga watoto?"

"Huo huo. Wenyewe wanaula."

Nilikaa nao moyoni jioni nzima. Mvuje naujua, nani asiyeujua? Ule utomvu mgumu unaonuka vibaya, wanauuza watu wa dawa za mizizi, na wapo wanaoufunga kwenye kitambaa cheusi mkononi mwa mtoto mchanga ili jicho baya lipite mbali. Kwamba kuna watu wanautia kwenye sufuria na kuufurahia, hilo ndilo lilikuwa jipya kwangu. Lakini nesi alisema chochote.

Asubuhi nikamwita Maiko. Huyu huwa namtania, maana ameoa mjukuu wangu.

"Mume wangu, pita sokoni kwa wauza dawa, uniletee mvuje."

"Eh, mke mkubwa! Unataka kumroga mke mdogo ubaki na mimi peke yako?"

"Nikae na wewe nikufanyie nini? Nenda."

Alikwenda, na Maiko akitumwa hachelewi. Ubaya ni kwamba alimwambia muuzaji kwamba nyumbani kuna mtoto mchanga. Na muuzaji naye alikuwa mtu mwema. Akaukata mvuje, akaushona ndani ya kitambaa cheusi, akatia kamba nyembamba ya kutosha mkono wa mtoto, akamwombea heri. Maiko alikuwa na abiria anamsubiri. Akaingia ndani haraka, akauacha kitandani kando ya mtoto, akaondoka.

Mimi nilikuwa uani nakata ile nusu iliyobaki. Nilimsikia Emelyne anaingia kwa ajili ya kuogesha. Halafu nikamsikia anaita jina la Yesu.

Akatoka akiwa ameshika kile kitambaa kwa vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili.

"Mama Kalisti! Wewe! Wewe unayesoma masomo kanisani!"

"Emelyne, ngoja. Hiyo ni mboga."

"Mboga?"

"Kiungo. Cha mboga."

"Na hii kamba ni ya kufungia mboga isikimbie?"

"Sijui kamba imetoka wapi, nisikilize..."

Lakini magoti yangu hayainuki haraka, na Emelyne, kama nilivyosema, anatembea kama amechelewa. Nilipofika nusu ya ua nikasikia mlango wa choo, kisha akatoka anajifuta mikono kwenye khanga.

"Kimekwenda," alisema. "Na Padri hatasikia kwangu. Nakupenda, ndiyo maana."

"Emelyne, umetupa mboga yangu chooni."

"Nimetupa shetani."

Mimi ni mtu wa taratibu. Nimefundisha ndama kunywa kwenye ndoo, nimewafundisha wajukuu kuhesabu kwa punje za mahindi, sijawahi kumtupia mtu kisu wala neno. Lakini siku ile nilikitupa kisu kwenye beseni mpaka maji yakanirukia usoni.

"Nyie mnanisaidia!" nilisema. "Nyie wote! Ndaki ananisaidia, anatia pumba. Wewe unanisaidia, unatia karanga. Muuza dawa ananisaidia, anashona. Maiko ananisaidia, anakimbia. Mngeniacha hata siku moja bila kunisaidia, mtoto wa watu angekuwa ameshakula! Mnamwona yule ndani? Mnamsikia mtoto analia? Nimeomba ganda na kipande cha uchafu unaonuka, vitu ambavyo watu wanatupa, na hata hivyo sivipati!"

Emelyne alisimama akiniangalia. Alijitanda khanga yake, akatoka.

Nikakaa kwenye kigoda. Nilijua nimemkosea mwanamke ambaye mgongo wake umechoka kwa kumbeba mjukuu wangu kwenda bafuni. Niliendelea kukata kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine. Ndani mtoto alilia kile kilio chake, akanyamaza kabla hajapewa kitu, na huko kunyamaza ndiko kulikoniumiza.

Jua lilikuwa limepanda sana Emelyne aliporudi. Alikuwa amejifunika khanga mpaka kwenye nyusi, kwa joto lile. Aliangalia nyuma, akaangalia pembeni, akaingiza mkono kifuani akatoa karatasi ya gazeti iliyokunjwa. Kabla hajaifungua nilishaijua kwa harufu.

"Nimepita njia ya nyuma ya soko," alisema. "Mama Optatus wa jumuiya yetu ameniona. Nimemwambia ni ya kufukuza nyoka."

"Emelyne..."

"Nyamaza. Nimemwambia asishone. Nimemwambia mara mbili: usishone, usiombe, nipe tu." Akapiga chafya. "Jamani, na huu unaliwa?"

Nilimsogezea kigoda changu, akakaa, akaanza kukata maganda pamoja na mimi.

Sasa tulikuwa na kila kitu, na bado haikupikika. Nilileta jiko la mkaa uani chini ya dirisha la Rozalia ili aniongoze kwa sauti. Emelyne alishika kifuniko kama ngao.

"Mafuta kwanza, Bibi," sauti ilisema kutoka ndani. "Yapate moto. Halafu binzari nyembamba, nzima nzima, usisage. Subiri ilie."

"Ilie vipi?"

"Utasikia."

Nikasubiri ilie. Masikio yangu yana umri wangu. Emelyne alisema anasikia, mimi nikasema ni mkaa, yeye akasema si mkaa, na tulipomaliza kubishana binzari ilikuwa nyeusi kama mchanga wa reli.

"Inaungua!" Rozalia aliita. "Nasikia harufu! Mwaga!"

Nikamwaga. Nikaosha sufuria, nikaanza tena. Safari hii binzari ililia, nikaisikia mwenyewe, nikafurahi mno. Kwa furaha ile nikatumbukiza mvuje.

Moshi uliotoka hapo siwezi kuueleza. Emelyne alikimbilia ukutani. Kuku wa Kasansa walipiga kelele ndani ya tenga.

"Bibi! Umetia kiasi gani?"

"Nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya uliokuwepo!"

"Kidogo, Bibi! Kama punje moja ya mchele!"

"Na unaniambia sasa, nimeshatia!"

Kisha nikasikia kitanda. Niliinua macho, machozi ya moshi yananitoka, nikamwona Rozalia amesimama kwenye mlango wa chumba chake unaofungukia uani, mkono mmoja kwenye fremu, khanga imefungwa ovyo kifuani. Alikuwa amekonda. Alisimama kwa miguu yake bila mtu wa kumshika.

"Toka hapo, Bibi," alisema.

Emelyne aliruka kutoka ukutani akanyoosha mikono yote miwili. "Rudi ndani! Arobaini, Rozi! Hujafika hata nusu!"

"Sirudi. Nyie mnaniunguzia chakula changu."

"Sisi tunakuhudumia!"

"Mnakiunguza! Nimelala pale nasikia kinaungua, kinaungua tena, na mimi najua, mikono yangu inajua, na nimekatazwa!" Alipiga fremu kwa kiganja. "Nimechoka kuhudumiwa!"

Emelyne aliniangalia mimi. Mimi ndiye mkubwa pale, ilikuwa yangu kuamua. Ganda lililobaki lilikuwa la sufuria moja tu. Niliangalia uso wa mjukuu wangu, nikaona umejaa hasira, mashavu yamepata damu, pua zimepanuka. Majuma mawili mazima uso ule haukuwa na kitu. Nilikuwa tayari kuipokea hasira hiyo, hata ingekuwa kubwa mara mbili. Lakini arobaini nayo niliiheshimu, na niliona Emelyne ataumia kweli nikiikanyaga mbele yake baada ya kumfokea vile.

Nilichukua matambara mawili, nikashika jiko masikio yake, nikalibeba na mkaa wake unaowaka. Nikalisogeza mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha Rozalia, upande wa nje, moshi uende uani. Nikalitua.

"Jikoni hajaenda," nilimwambia Emelyne. "Jiko ndilo limekuja."

Emelyne alifungua mdomo. Aliliangalia jiko, akamwangalia mzazi aliyesimama ndani ya chumba chake, hajavuka kizingiti hata kidole. Nilimwona anatafuta kosa.

"Na sufuria?" aliuliza mwishowe.

"Nayo imekuja kumsalimia mzazi. Umeshawahi kumfukuza mgeni?"

Akafikiri kidogo. "Basi akae," alisema kwa ukali, akamletea Rozalia mkeka na mto wa kuegemea. "Na mtoto namshika mimi, asije akavuta moshi."

Rozalia alikaa ndani ya kizingiti, miguu ameikunja, akanyoosha mkono. Nikaosha sufuria, nikatia mafuta mapya, nikampa mwiko. Alisubiri mafuta huku ameweka kiganja juu yake, hayagusi, anayasikiliza kwa ngozi. Binzari ilipolia aliidaka palepale. Mvuje aliukwangua kwa ukucha, ukaingia kama vumbi, na harufu iliyopanda haikuwa ile ya kwetu ya kukohoa. Ilikuwa kama kitunguu kinachokaangwa nyumba ya pili. Akatia manjano, giligilani ya kusaga, akatia zile pilipili mbili.

"Pilipili!" Emelyne alisema.

"Ba alinyonyesha watoto wote kwa pilipili hii."

"Wahindi wamezoea."

"Na huyu atazoea."

Akatia maganda, chumvi, sukari kidogo, akafunika, akaweka mkono juu ya kifuniko kama anamtuliza mtu. Hakuangalia ukuta. Aliangalia sufuria. Nilisonga ugali pembeni kwenye mafiga ya mwenye nyumba, na hakuna aliyenisaidia.

Alipofunua, vile vipande vilikuwa vimekuwa vya njano na vinapenya mwanga. Hakusubiri bakuli. Alimega ugali, akachovya, akala kutoka kwenye sufuria, moto mpaka anapuliza kwa mdomo uliojaa. Akamega tena. Mimi na Emelyne tulisimama kimya kama wakati wa mageuzo kanisani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kamasi zikamtoka kwa pilipili, akazifuta kwa mkono, akaendelea. Nilikuwa naogopa hata kuhama mguu, isije ikawa mimi ndiye nitakayemkatiza.

Alipofika chini akapangusa sufuria kwa tonge la mwisho.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Umetia mwenyewe."

"Najua."

Akanyoosha mikono, na Emelyne akampa mtoto. Haikuwa dawa ya papo hapo, nisiwadanganye. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia kama kawaida yake. Rozalia hakumrudisha kama alivyokuwa anafanya. Alimbadilisha upande, akaegemea mto, akasubiri. Akampa tena. Tulikaa hivyo kitambo, jiko linapoa. Kisha, katika kimya kile, hata mimi mwenye masikio haya nikasikia mtoto anameza. Akapumzika. Akameza tena.

Emelyne alinisogelea. "Haijabaki?" alinong'ona.

"Haijabaki."

Akainama juu ya sufuria, akapitisha kidole ndani, akakilamba. Akasimama na kidole mdomoni, anafikiri.

"Kumbe," alisema.

"Kumbe nini?"

"Bado inanuka." Akapitisha kidole mara ya pili. "Lakini..."

"Lakini nini? Sema, mwenyekiti."

"Ningeitia karanga kidogo tu."

Nilianza kucheka, nikajaribu kujizuia, ikawa mbaya zaidi, na yeye akaanza, mpaka tukashikana mabega kama walevi.

"Nyie," alisema Rozalia bila kufungua macho. "Acheni kelele. Mtoto anakula."